Sahani ya Watu Kule Ugiriki

Juzi jirani yangu hapa Chaani, Mama Njeri, alinirudishia sahani tupu. Ijumaa nilikuwa nimempelekea pilau, nikaifunika vizuri kwa kitambaa, na Jumapili akaja mwenyewe mlangoni. "Asante sana mama, pilau ilikuwa tamu. Na sahani yako nimeiosha mara mbili." Kweli aliiosha. Ilinukia sabuni mpaka pua ikaniwasha. Nikaipokea, nikaitazama ndani, nikaitazama chini yake, kama mtu aliyedondosha shilingi.

Yeye hana kosa, jamani. Ametoka bara, na kwao sahani ikirudi safi ndiyo adabu yenyewe. Lakini mie nimezaliwa Likoni, mtaa wa Shika Adabu, na kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Huna kitu, tia ndimu mbili. Huna ndimu, tia sukari kiganja. Mamangu aliwahi kurudisha sahani na vitunguu vitatu ambavyo, wallahi, vilikuwa vimetoka kwa mwenye sahani huyo huyo wiki iliyopita. Mwenyewe alivipokea akasema mashallah, vitunguu vizuri hivi umevipata wapi.

Basi nikaanza kucheka peke yangu mlangoni. Mama Njeri akauliza, "Kwani bado ina mafuta?" Nikamwambia la, nimemkumbuka tu bibi mmoja wa Kigiriki. Akanitazama, akaona bora ajiendee zake.

Ndiyo, Mgiriki. Mimi huyu, niliyeachia shule kidato cha pili kwa sababu mie na hesabu tulikubaliana kila mtu ashike njia yake, nimefika Ugiriki. Nyinyi wa rika langu mlikuwa mkicheza kombolela nyuma ya nyumba za watu, na mimi pia nilikuwa mmoja wenu, isipokuwa wiki moja.

Babangu alikuwa dobi wa meli ya watalii. Shuleni nilisema ndiye anayeushika usukani, na watoto waliniamini kwa sababu nilikuwa naonyesha kwa mikono jinsi anavyokata kona. Kazi yake hasa ilikuwa kupiga pasi mashuka huko chini kabisa ya meli ambako hakuna hata dirisha. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, wiki chache tu. Akija, nyumba ilibadilika. Vikombe vyema vilitolewa kabatini, nami niliambiwa nisipige kelele, baba amelala. Nilimpelekea maji kwa mikono miwili nikasimama nimsubiri amalize, kama ninavyosimama kwa mgeni. Siku nilipoanza kumzoea, nikaweza kumparamia mgongoni bila kuambiwa, ndiyo siku aliyokuwa anafunga begi.

Sasa kampuni yao ilikuwa na utaratibu kwamba mtu akitumikia miaka mingi anaruhusiwa kuleta mke na mtoto mmoja wakae melini wiki moja. Zamu yetu ikafika. Mamangu alikaa mwezi mzima anafunga mizigo. Alibeba achari, alibeba mabuyu ya kupaka rangi kilo mbili, alibeba jozi tatu za makubadhi, na ingekuwa si nyanyangu kumkataza angebeba na mbuzi ya kukunia nazi. "Meli hiyo huijui," alisema. "Pengine hawana."

Melini nilikula mpaka nikaogopa. Lakini babangu hatukumpata. Alikuwa chini na mapasi yake, akipanda kutuona alikuwa na dakika kumi na uso uliochemka. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, nikamsikia akimwambia mamangu kwa sauti ya chini kwamba ana maonyo mawili. Mara mbili meli ilipotia nanga mahali alichelewa kurudi, na mkuu wake hakutaka kusikia sababu.

"Na la tatu?" mamangu akauliza.

"La tatu hakuna maneno. Narudishwa nyumbani moja kwa moja."

Mamangu akaziba mdomo kwa mkono. Na mimi nikaziba wangu, lakini mimi nilikuwa naficha meno. Kurudishwa nyumbani! Moja kwa moja! Yeye alikuwa anaona njaa, ada ya shule na paa la nyumba ambalo halijaisha. Mie niliona babangu yuko barazani Shika Adabu kila siku ya Mungu. Nikashangaa watu wazima wanavyonuna wakiletewa habari njema.

Kesho yake meli ikafika mji mmoja wa zamani wa Wagiriki, waitwa Nafplio. Jina hilo nalisema mara moja tu, silirudii, limenikwaruza ulimi vya kutosha. Babangu alikuwa amepewa saa nne za kupumzika atutembeze. Meli yenyewe ilikuwa kubwa haiwezi kusogea ufukweni, ikasimama mbali, watu wakawa wanavushwa kwa boti ndogo. Mamangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani tumepanda ndege mbili na meli moja, tumekuja huku kote kuvuka feri!"

"Sikiza, mama nanii," babangu akamwambia. "Boti ya wafanyakazi ya kurudi ni saa kumi kamili. Nyinyi wageni mna boti zenu mpaka saa kumi na nusu, lakini mimi ni saa kumi."

"Ikikuacha si kuna nyingine nyuma yake?"

"Hii si feri ya Likoni."

Aliyasema hayo mara tatu kabla hatujakanyaga nchi kavu, na kila mara mie nilisikia vizuri.

Mji ule ulinichanganya kichwa. Juu ya mlima kulikuwa na ngome kubwa ya mawe, nyingine ndogo imekaa katikati ya maji, na chini yake vichochoro vyembamba, nyumba zimetazamana zina roshani za mbao, paka kila mahali, na wazee wamekaa vizingitini. Nikajua mara moja kilichotokea. Watu hawa walikuja Mombasa, wakauona Mji wa Kale wetu na ngome yetu, wakarudi kwao wakaiga, ila waliposahau ni kuweka wauza viazi karai. Nikamwambia babangu. Akasema pengine, uwaulize wenyewe.

Watalii wenzetu walikuwa wanapanda ngazi kwenda ngomeni, mamia ya ngazi, wanahema. Babangu akauliza kama tunataka.

"Ngome tunayo kwetu, na miaka yote hii sijaipanda," mamangu akasema. "Leo niende nikapande ya watu?"

Basi tukazurura vichochoroni, mamangu anamsalimu kila mtu aliyekaa mlangoni, mkono kifuani, kwa Kiswahili safi. Walimjibu kwa lugha yao, naye akaendelea, "Alhamdulillahi, na nyumbani hawajambo?" Mwendo wetu ulikuwa wa konokono.

Mahali njia inapokata kushoto, penye mlango wa buluu, mamangu akasimama kabisa. Nje pamekaa bibi mzee, nguo nyeusi tangu kichwani mpaka miguuni, na mamangu naye na buibui lake. Wakatazamana kama watu walioshonewa na fundi mmoja. Kando ya bibi kulikuwa na debe la mafuta ya kupikia limepandwa mrehani, na juu ya mapaja yake sinia la machungwa anayamenya.

"Baba nanii! Huu mrehani! Na haya si machungwa, haya madanzi!"

Akachukua ganda moja akalinusa, akanipa na mimi. Danzi kabisa, lile chungu la kwetu. Bibi akafurahi kuona watu wanamnusia taka zake. Akainuka, akatuvuta kwa mikono, akatukalisha viti pale pale nje chini ya roshani, akaingia ndani akatoka na visahani vidogo vya maua, kila kimoja kina kijiko na ganda la danzi lililopikwa kwa sukari likakunjwa kama ukili wa mkeka, na maji baridi bilauri tatu. Wallahi sijala kitu kama kile. Utamu unakuja mbele, uchungu unachungulia nyuma.

Bibi na mamangu wakazungumza. Msiniulize vipi. Bibi aligusa kitambulisho cha meli kilichoning'inia shingoni mwa babangu, akaonyesha bahari, halafu akaonyesha ukutani ndani ya mlango, palipokuwa na picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya ubaharia. Akafungua viganja viwili, vitupu.

"Na yeye mumewe alikuwa baharia," mamangu akasema polepole.

"Akarudi?" nikauliza.

"Nyamaza, ule."

Nikamtazama babangu, anakunywa maji yake, na kitambulisho kile kinacheza kifuani.

Bibi akaona nimeramba kisahani mpaka maua yake yanang'aa, basi akaleta sahani nyingine kubwa kidogo, imejaa, akaiweka mbele yangu, akaifunika kitambaa cheupe. Simu ikalia ndani akakimbilia. Babangu akatazama saa, akasema saa tisa imepita, twende taratibu tusije tukakimbizana. Wakainuka, mamangu akaaga kwa sauti mlangoni, bibi akapunga mkono kutoka ndani simu sikioni.

Na mimi nikachukua sahani yangu.

Sasa nyinyi niambieni. Sahani imejaa, imefunikwa kitambaa, imewekwa mbele yako na mwenye nyumba. Kwetu hiyo tafsiri yake ni moja tu: beba nyumbani. Nikaibeba kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa, nyuma ya wazee wangu, sina wasiwasi hata kidogo.

Tulifika bandarini saa tisa na nusu hivi. Babangu akageuka kunihesabu.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hiyo nini?"

"Sahani ya bibi. Katupa."

Babangu akafunua kitambaa, akakiona na kijiko cha fedha kimelala ndani. Akafunga macho. "Amefunika kwa sababu ya nyuki! Huku mtu anakula hapo hapo anaacha! Huku hakuna kubeba sahani za watu!"

"Yaa Rabbi," mamangu akasema, na akakaa juu ya jiwe la kufungia mashua. "Tumemwibia bibi wa watu. Mzee ametukaribisha, tumemlia danzi lake tukaondoka na vyombo."

"Ni sahani moja, mama nanii."

"Sahani ya watu! Akija mgeni mwingine mweusi mlangoni kwake si atafunga mlango? Irudishwe. Tena isirudi tupu." Na mkono ushaingia mkobani, unatoa fuko la mabuyu. Tukalila lile danzi watatu kwa haraka pale pale, ili kupisha nafasi, mamangu akaifuta sahani kwa kitambaa, akamimina mabuyu yake mekundu.

"Mimi nitampelekea," akasema. "Wewe panda boti yako. Mwanangu, njia waijua?"

Hapa ndipo penyewe. Nilikuwa naijua. Mtoto aliyelelewa vichochoroni hapotei vichochoroni. Ngazi pana, duka la sponji, paka mwenye jicho moja, kata kushoto, mlango wa buluu. Lakini nilimtazama babangu, nikaikumbuka ile picha ya ukutani kwa bibi, na akili yangu yote, ambayo mnajua si nyingi, ikapiga hesabu ya kwanza na ya mwisho kuipata maishani. Akienda yeye atachelewa. Akichelewa ni onyo la tatu. Onyo la tatu anarudishwa nyumbani moja kwa moja.

"Siijui," nikasema.

Mamangu hakuijua kabisa, muda wote alikuwa anatazama watu. Babangu akatazama saa, akatazama boti, akamtazama mkewe aliyekwisha kukunja uso. Akanishika mkono. "Twende, ukiiona utaikumbuka. Mbio."

Tukakimbia. Mie na sahani, yeye na mimi. Ngazi pana tulizipanda mbili mbili. Penye duka la sponji akauliza, "Kulia au kushoto?" Nikasema kulia. Tukatokea kwenye kanisa. "Tulipita hapa?" Nikasema tulipita. Tukapanda ngazi nyingine, tukatokea kwenye ukuta ambao hauna hata mlango. Babangu akasimama, mikono magotini, jasho linamdondoka puani. Nikasubiri anikaripie. Badala yake akaanza kucheka.

"Unajua mji huu nimeshuka mara ngapi? Mara tisa. Na siujui! Najua njia moja tu, bandarini mpaka duka la simu. Kuna foleni pale, mabaharia wa dunia nzima. Nasimama foleni nizungumze na nyinyi, saa imekwisha, nakimbia." Akajifuta uso. "Maonyo yangu yote mawili nimeyapatia foleni hiyo. La pili ni siku ile ulinisomea shairi la shule. Lilikuwa refu, mwanangu. Sikutaka kulikata."

Nalikumbuka shairi hilo. Lilikuwa na beti saba na nilirudia mbili.

Nilikuwa nimelishika fuko la siri yangu kwa nguvu zote, na ghafla mikono ikachoka. Sikuweza kumtazama. Nikatazama mabuyu.

"Baba, ni kushoto," nikasema. "Pale penye sponji. Kuna paka mwenye jicho moja."

"Kumbe waijua."

"Naijua."

Alinibeba mgongoni, sahani nikaishika juu ya kichwa chake, tukateremka.

Bibi alikuwa mlangoni, anatazama huku na huku. Babangu akaanza kuomba radhi kwa lugha zote alizookota melini, lakini bibi macho yalikuwa kwenye mabuyu. Akachukua moja akalitia mdomoni. Akalitafuna.

"Usitafune, bibi, nyonya! Nyonya!" babangu akapiga kelele huku anamwonyesha kwa mashavu. Bibi akanyonya. Macho yakamtoka, meno yakawa mekundu, akacheka mpaka akajishikiza mlangoni. Halafu akafanya jambo ambalo sote tungelitarajia kama tungekuwa na akili. Alimimina mabuyu bakulini mwake, akaigeuza sahani, akaanza kuelekea jikoni kuijaza.

"La! La! La!" Babangu alirudi kinyumenyume, mikono juu kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. "Bibi, asante, jamani, tutamalizana lini hivyo?"

Tukatimua. Nyuma yetu tulimsikia anaita, na nadhani mpaka leo ametuwekea.

Saa kumi na dakika tano tuliona boti ya wafanyakazi kwa mbali. Ilikuwa bado haijaondoka, na sababu ilikuwa mamangu. Amesimama ukingoni, amemshika mkono bwana mmoja Mfilipino mwenye kuendesha boti, kwa mikono yake yote miwili, na anamsalimu. Alikuwa amemwuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, ya wazazi, na tulipofika alikuwa amefika kwa babu zake. Bwana wa watu alikuwa anavuta mkono polepole kwa adabu, na mamangu anaurudisha kwa adabu vile vile. "Na mifugo nayo?" nikamsikia anauliza. "Haijambo?"

Babangu akarukia ndani, nami mgongoni. Mamangu akaachia mkono, akaingia naye bila kuulizwa na mtu, na Mfilipino hakuthubutu kumwambia hii si boti yake, asije akashikwa tena. Melini mkuu wa babangu alisimama mlangoni na karatasi ya onyo. Akatazama saa, akamtazama babangu, akamtazama mamangu. Mamangu akanyoosha mkono kumsalimu. Yule Mfilipino akamwambia kitu haraka haraka, na mkuu akaweka karatasi mfukoni.

Lakini kabla ya hapo, ndani ya boti, babangu alinikalisha pajani, moyo wake unanigonga mgongoni. Akaniinamia sikioni. "Siku nyingine ukitaka nirudi nyumbani, niambie. Usinizungushe makanisani."

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

Akatazama maji. Mamangu, aliyekuwa anajifunga ushungi wake, akasema bila kugeuka, "Mjibu mtoto."

"Mikataba miwili," babangu akasema. "Paa liishe, nirudi."

Ikawa mitatu, kwa sababu mapaa ya Likoni hayaishi. Lakini alirudi. Yuko Shika Adabu hivi ninavyosema, kila siku ya Mungu, kama nilivyotaka. Amempangia mamangu jiko upya, sufuria kwa ukubwa, vijiko kwa urefu. Chakula anakitaka saa saba kamili na ametundika karatasi ukutani inayosema hivyo. Wiki iliyopita mamangu alinipigia simu mchana, na nyuma yake namsikia babangu anauliza nani amehamisha bakuli la chumvi.

"Wewe ndiye uliyemtaka arudi," mamangu akasema. "Haya, njoo umchukue."